Waya Chini ya Bahari: Jinsi Mtandao Ulivyofika Afrika Mashariki

Mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipashane data. Zikiwa ndani ya jengo moja, kama ofisi ya mhasibu au maabara ya shule, huo ni mtandao wa ndani. Intaneti ni mkusanyiko wa mitandao mingi ya aina hiyo, ya kampuni, vyuo, serikali na majumba ya watu, iliyounganishwa kwa kanuni za pamoja, kiasi kwamba kompyuta iliyoko Kigoma huomba ukurasa kutoka kompyuta iliyoko Oslo na kuupata. Hakuna anayeimiliki yote. Anayeanza kujifunza hukutana na maneno mengi kwa mkupuo: pakiti, ruta, seva, anwani, kikoa. Kila neno lina kitu halisi nyuma yake, na kila kitu kililetwa kwa sababu fulani na watu fulani. Katika Afrika Mashariki historia ya vitu hivyo huanzia kwenye waya wa shaba uliotua Unguja mwaka 1879, miaka 90 kabla ya kompyuta mbili za kwanza za mtandao uliozaa intaneti kuwasiliana huko Marekani.

Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Habari hiyo ilichukua karibu wiki tatu kufika London, maana kusini mwa Afrika hakukuwa na telegrafu iliyounganishwa na Ulaya. Aden ilikuwa nayo tangu 1870, lakini kutoka hapo kushuka kusini barua zilisafiri kwa meli. Serikali ya Uingereza ikaharakisha jambo lililokuwa likizungumzwa tu, na kabla mwaka haujaisha kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya kutoka Durban hadi Ghuba ya Delagoa, Msumbiji, Zanzibar na Aden. Ulikuwa waya wa shaba uliofunikwa kwa gutta-percha, utomvu wa miti ya Malaya usiopitisha maji, kisha ukazungushiwa nyuzi za chuma ili usikatwe na miamba. Sultani Barghash bin Said ndiye aliyekuwa akitawala Zanzibar wakati huo. Jengo ambalo baadaye lilitumika kwa shughuli za simu za nje bado limesimama Shangani, katika Mji Mkongwe, na sasa ni hoteli.

Namna waya ule ulivyofanya kazi inafaa kuangaliwa kwa makini. Ujumbe wa Durban haukuruka moja kwa moja hadi London. Katika kila kituo karani aliupokea, akaandika, akausubirisha mpaka waya wa mbele uwe wazi, kisha akaupeleka kituo kinachofuata. Kupokea, kushikilia kidogo na kusukuma mbele: huo ndio utaratibu unaofanywa leo na kila ruta duniani, isipokuwa karani ameondoka na kazi yake imechukuliwa na mashine inayoshughulikia mamilioni ya jumbe kwa sekunde.

Waya ule haukuwekwa kwa ajili ya wenyeji. Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila ridhaa ya Waingereza, mwakilishi wao Basil Cave alipeleka telegramu London kuomba ruhusa ya kutumia nguvu. Jibu lilirudi kwa waya huohuo, na asubuhi ya tarehe 27 kasri likapigwa mizinga. Miaka mitatu kabla yake waya mwingine ulikuwa umelazwa kutoka Zanzibar kwenda Shelisheli na Morisi. Njia ilikuwepo, lakini aliyeamua nini kipite ndani yake alikuwa mbali, na suala hilo la nani anaimiliki njia lilirudi tena Nairobi zaidi ya karne moja baadaye.

Simu ya sauti iliyofuata telegrafu ilikuwa na tabia moja: watu wawili wakizungumza, njia nzima kati yao hufungwa kwa ajili yao, hata wakinyamaza. Kwa kompyuta huo ni ubadhirifu, kwa sababu kompyuta hupeleka data kwa mafungu mafupi kisha hukaa kimya. Katika miaka ya 1960 Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walifikia jibu moja: data ikatwe vipande vidogo, na kila kipande kiende chenyewe. Davies ndiye aliyeviita vipande hivyo pakiti. Ni kama familia inayohama nyumba kwa mikokoteni kadhaa: kila mkokoteni una namba yake na jina la mtaa uendako, mmoja hupita barabara kuu, mwingine vichochoroni, na vitu hupangwa upya vikishafika. Pakiti ikipotea njiani, hutumwa hiyo moja tu kwa mara ya pili. Njia moja ikiziba, pakiti hupita nyingine. Na waya mmoja huweza kubeba pakiti za watu maelfu kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna aliyeufunga kwa ajili yake peke yake.

Tarehe 29 Oktoba 1969 wazo hilo lilijaribiwa kati ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na taasisi ya utafiti ya Stanford. Neno la kwanza lililotakiwa kupelekwa lilikuwa la kuingilia kwenye mfumo, lakini zilifika herufi mbili tu, L na O, kabla kompyuta ya upande wa pili haijazimika. Mtandao huo, ARPANET, ulikua, na mitandao mingine ikazaliwa kandokando yake, kila mmoja na kanuni zake. Kanuni za namna hiyo huitwa itifaki: makubaliano kuhusu pakiti ianze vipi, iishe vipi, na mpokeaji akiri vipi kuwa ameipata. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mpango wa itifaki ambayo mitandao yote ingeweza kuitumia bila kuacha undani wake. Ndiyo iliyokuja kuitwa TCP/IP, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ilihamia humo. IP inahusika na anwani na safari ya pakiti. TCP inahakikisha kwamba pakiti zote zimefika na zimepangwa kwa utaratibu wake.

Anwani ya IP ni namba. Ile ya mfumo wa zamani huandikwa kwa mafungu manne yaliyotenganishwa na nukta, kila fungu kuanzia 0 hadi 255, na jumla yake ni takriban anwani bilioni 4.3. Wakati huo zilionekana nyingi mno. Leo haziwatoshi hata wanadamu walio hai, ndiyo maana mfumo mpya wenye namba ndefu zaidi, IPv6, unaendelea kuingia. Anwani hugawiwa na mamlaka za kimaeneo. Mitandao ya Afrika iliziomba Ulaya au Marekani mpaka mwaka 2005, AFRINIC yenye makao yake Morisi ilipotambuliwa rasmi kuwa mgawaji wa bara hili.

Namba hazikariki kwa urahisi, na hapo ndipo jina la kikoa linapoingia. Mwanzoni majina yote ya kompyuta za ARPANET yaliwekwa katika faili moja huko Stanford, na kila kituo kilipaswa kulinakili. Orodha ilipokuwa ndefu kupita kiasi, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa DNS, ambao umegawa kazi hiyo: seva za juu kabisa zinajua nani anasimamia .ke au .tz, msimamizi huyo anajua nani ana jina fulani ndani yake, na mwenye jina ndiye anayejua namba. Seva, kwa ufupi, ni kompyuta inayokaa macho kusubiri maombi na kuyajibu; ile inayoomba huitwa mteja. Kikoa cha .ke kiliandikishwa 1993 na .tz mwaka 1995. Miaka ya mwanzo vilisimamiwa na watu wachache waliojitolea. Baadaye taasisi za KeNIC nchini Kenya na tzNIC nchini Tanzania ndizo zilizokabidhiwa.

Wavuti ulikuja baada ya hayo yote. Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na Geneva, na Aprili 1993 CERN iliuacha utumike na yeyote bila malipo. Wavuti ni kurasa zilizounganishwa kwa viungo na kusomwa kwa kivinjari. Intaneti ni njia zinazozibeba kurasa hizo, pamoja na barua pepe, simu za video na mengine mengi. Wengi huchanganya viwili hivi, na kosa hilo huwapotosha wanapotafuta hitilafu: ukurasa mmoja ukigoma kufunguka, si lazima intaneti iwe imekatika.

Afrika Mashariki ilianza na barua pepe kabla ya wavuti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali na watafiti jijini Nairobi walitumia Fidonet, mfumo ambao kompyuta moja huipigia nyingine simu, kwa kawaida usiku gharama zikiwa nafuu, ikamwaga barua zote za siku hiyo na kupokea za upande wa pili, kisha ikakata. Barua ilijibiwa kesho yake, si papo hapo. Kuanzia 1995 kampuni za kutoa huduma ya intaneti kamili zilianza kufunguliwa Kenya. Mojawapo ya zilizojulikana sana, Africa Online, ilianzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Tanzania na Uganda nazo zikapata kampuni zao katika miaka hiyohiyo.

Mteja wa wakati huo alihitaji kompyuta, laini ya simu ya mezani na modemu. Waya wa simu ulitengenezwa kubeba sauti, wakati kompyuta inajua moja na sifuri tu. Modemu hugeuza moja na sifuri kuwa milio, na ile ya upande wa pili huirudisha milio kuwa tarakimu. Ndiyo sababu ya ule mlio mkali uliosikika kila mtu alipojiunga. Wakati wote huo simu ya nyumbani haikuweza kupokewa, na shirika la simu liliendelea kuhesabu dakika.

Kasi ya modemu bora ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Biti ni moja au sifuri. Baiti ni biti nane. Kasi hupimwa kwa biti na ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa huduma hukosea hesabu mpaka leo. Picha ya megabaiti moja ni biti milioni nane. Kwa kilobiti 56 kwa sekunde, inachukua zaidi ya dakika mbili hata waya ukiwa hauna kasoro, na nyaya nyingi zilikuwa nazo. Vivyo hivyo, anayeuziwa huduma ya megabiti 8 kwa sekunde asitarajie megabaiti nane kila sekunde. Atapata moja.

Kwa kuwa kompyuta na laini ya simu vilikuwa ghali, watu wa kawaida waliikuta intaneti katika vibanda vya mitaani, vilivyoitwa saiba Kenya na intaneti kafe Tanzania. Kibanda kama hicho kilikuwa somo zima la mitandao. Kompyuta zake ziliunganishwa kwa nyaya kwenye swichi, kisanduku kinachopokea pakiti na kuitoa kwenye tundu la kompyuta inayohusika. Utaratibu wa nyaya hizo, itheneti, ulibuniwa mwaka 1973 na Bob Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox, California. Swichi huishia ndani ya chumba. Kutoka hapo kwenda nje lazima iwepo ruta, mashine inayosoma anwani ya kila pakiti na kuamua ipite njia ipi. Kibanda kizima mara nyingi kilipewa anwani moja tu ya IP. Ruta iliwapa wateja wa ndani anwani za faragha, kisha ikakumbuka nani ameomba nini ili kila jibu lirudi kwenye kompyuta yake. Ruta ndogo za waifai za majumbani zinafanya hivyo hadi sasa.

Nje ya kibanda njia ilikwenda kwa mtoa huduma, na kutoka kwa mtoa huduma ilipanda angani. Kenya ilifungua kituo cha setilaiti cha Longonot mwaka 1970 kwa ajili ya simu na televisheni za kimataifa, na intaneti ilipokuja ikategemea setilaiti vilevile. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka imeshatembea zaidi ya kilomita 70,000, na hapo ndipo lilipokuwa tatizo ambalo halingeweza kutatuliwa kwa kununua mitambo bora, kwa sababu mwanga wenyewe una mwendo wake.

Mtu wa mtaa wa Westlands aliyemwandikia barua pepe mtu wa katikati ya Nairobi, mwaka 1999, wakiwa wateja wa kampuni mbili tofauti, alipeleka pakiti zake namna hii. Kutoka kompyuta yake hadi kwa mtoa huduma wake. Kutoka hapo kupanda kwenye setilaiti na kushuka Marekani au Ulaya, ambako kampuni zote mbili zilinunua muunganisho. Huko mtandao mmoja ukaukabidhi mwingine pakiti, zikapanda tena setilaiti na kushuka Nairobi. Safari ya kilomita 140,000 na zaidi kwa watu waliotenganishwa na mwendo wa matatu. Kwenda na jibu kurudi, ucheleweshaji ulikaribia sekunde nzima, na kila kampuni ililipa kwa fedha za kigeni pakiti zake zikiondoka na zikirudi.

Dawa yake ni kituo cha kubadilishana data: chumba chenye swichi ambako kila mtoa huduma analeta waya na ruta yake, na ruta hizo zinaelezana anwani zilizo upande wa kila mmoja. Pakiti ya jirani inakabidhiwa hapohapo. Watoa huduma wa Kenya, kupitia chama chao cha TESPOK, walifungua kituo hicho, KIXP, jijini Nairobi mnamo Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ilipeleka malalamiko kwa mdhibiti, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, na Desemba kituo kikafungwa kwa amri. Watoa huduma walieleza kwamba walichokifanya hakikuvuka mpaka wowote, kwani pakiti ilitoka Nairobi ikafika Nairobi. Mabishano yalichukua zaidi ya mwaka. Februari 2002 kituo kilifunguliwa tena, safari hii kikiwa na leseni. Uganda ilikuwa imeanzisha cha kwake mwaka 2001, na Dar es Salaam ikafuata.

Tukio hili halina picha za viongozi wakikata utepe, na vitabu hulipita haraka. Ni kosa. Kabla ya mkongo wowote wa baharini, yaani waya wa nyuzi za kioo, swichi iliyowekwa katika chumba kimoja ilizirudisha nyumbani pakiti za nyumbani, na ilithibitisha kwamba umbali kwenye mtandao hauamuliwi na ramani ya nchi. Unaamuliwa na mahali mitandao inapokutana.

Mikongo yenyewe ilikuja 2009. Mpango wa EASSy, wa kuzunguka pwani yote ya mashariki, ulikuwa umekwama kwa miaka katika majadiliano ya umiliki. Kenya ikaamua kujenga TEAMS, waya wa takriban kilomita 5,000 kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, ambao ulipokewa Mombasa Juni 2009. SEACOM, uliojengwa kwa mitaji ya watu binafsi, ndio uliotangulia kuwashwa, tarehe 23 Julai mwaka huo, ukiziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya na India. Uliundwa kubeba terabiti 1.28 kwa sekunde. EASSy ukaanza kazi 2010.

Mkongo wa baharini ukikatwa na kutazamwa kwa ndani hushangaza kwa udogo wa kilicho muhimu. Katikati kuna nyuzi chache za kioo safi, kila moja yenye kipenyo cha mikromita 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita. Data hupita humo kama mimweko ya mwanga wa leza. Zimezungukwa na jeli ya kuzuia maji, nyaya za chuma cha pua, mrija wa shaba na plastiki nzito, na karibu na ufuo huongezwa nyuzi nyingine za chuma. Mrija wa shaba una kazi yake: hupeleka umeme wa volti maelfu kwenye vikuza mwanga vilivyopachikwa kila baada ya makumi ya kilomita, kwa sababu mwanga hufifia safarini. Ndani ya kioo mwanga hutembea takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo Mombasa hadi Fujairah ni milisekunde 25 hivi. Wakati ishara ya setilaiti ikiwa bado inapanda, pakiti ya mkongo imeshafika ng'ambo.

Bara nalo lilihitaji waya. Tanzania ilianza mwaka 2009 kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaofika mipakani mwa nchi jirani. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, hupata njia zao kupitia Kenya na Tanzania. Watu wengi wa eneo hili, hata hivyo, hawajawahi kuugusa waya wowote kati ya nyaya hizi. Wanaingia kwa simu ya mkononi na bando linalohesabiwa kwa megabaiti. Redio iko kati ya simu na mnara tu. Kutoka kwenye mnara, kwa kawaida, safari inaingia kwenye nyuzi zilezile za kioo.

Nyuzi hizo hukatika. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa na kuukata TEAMS, wakati mikongo mingine tayari ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Meli ya matengenezo, Léon Thévenin, hukaa Cape Town. Ilibidi ing'oe nanga, iutafute waya, iinue ncha zake, iunge kioo kwa kioo na kuurudisha chini. Mwezi ulikuwa unakwisha kazi ilipomalizika.

Katika siku kama hizo, pakiti zilizotoka nchini na kuishia nchini kupitia vituo vya kubadilishana hazikuuhitaji waya uliokatika. Tovuti ya halmashauri iliyowekwa kwenye seva ya Ulaya hutoweka hata kwa mwananchi anayeishi mkabala na ofisi ya halmashauri hiyo; iliyowekwa Dar es Salaam au Nairobi huendelea kufunguka. Serikali, hospitali na vyuo ambavyo bado vinaweka ng'ambo huduma zinazotumiwa na watu wa nyumbani vina sababu ya kutosha kuzirudisha.